New Orleans na Atlanta kwa Macho ya Msafiri wa Treni

Wanaolinganisha miji ya Kusini mwa Marekani mara nyingi hulinganisha hoteli, vyakula, hali ya hewa na bei, na huchukulia kwamba mgeni amefika kwa ndege au kwa gari lake mwenyewe. Anayefika kwa treni ana mahitaji mengine. Anashuka na begi mkononi, hana gari, na saa ya kufika kwake imeamuliwa na ratiba ambayo hakuulizwa wakati inapangwa. Mji unaomfaa ni ule ambao stesheni yake iko mahali penye watu na shughuli, ambao treni zake hufika kwa saa zinazomwezesha kupata mlo na malazi bila taabu, na ambao anaweza kuuzunguka kwa miguu na kwa usafiri wa umma tangu dakika anayotoka mlangoni. Kwa vipimo hivyo naamini kwamba New Orleans inaizidi Atlanta, tena kwa mbali, ingawa Atlanta ndiyo iliyozaliwa na reli.

Miji hiyo miwili inaunganishwa na treni moja ya Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, iitwayo Crescent, inayosafiri zaidi ya kilomita 2,200 kati ya New York na New Orleans. Kwa Atlanta, hiyo ndiyo treni pekee ya masafa marefu iliyobaki: moja kwa siku kwenda kusini, ambayo hupita asubuhi, na moja kwenda kaskazini, ambayo hupita usiku, karibu na saa 5. New Orleans nayo, mbali na Crescent, inapokea City of New Orleans inayotoka Chicago kupitia Memphis na Jackson, pamoja na Sunset Limited inayokwenda Los Angeles mara tatu kwa wiki. Tangu tarehe 18 Agosti 2025 imeongezeka treni iitwayo Mardi Gras Service, inayokwenda Mobile, Alabama, na kurudi mara mbili kila siku, ikisimama katika miji minne ya pwani ya Mississippi. Ukiwa New Orleans unaweza kuamka asubuhi ukaamua kwenda Biloxi na kurudi jioni. Ukiwa Atlanta huna uamuzi wa namna hiyo wa kufanya, kwa kuwa treni ni ileile moja, na ikikupita unasubiri hadi kesho.

Stesheni ya Atlanta inaitwa Peachtree Station. Ilijengwa mwaka 1918 na kampuni ya Southern Railway, michoro ikiwa ya mbunifu Neel Reid, na ni jengo zuri la matofali lililosimama kando ya barabara ya Peachtree huku reli zikipita chini yake. Haikukusudiwa kamwe kuwa lango kuu la jiji. Ilikuwa kituo cha viunga vya kaskazini, na udogo wake unaonekana wazi pale abiria wa behewa zima wanapojazana katika chumba kimoja cha kungojea wakisubiri kushuka kwenye jukwaa. Lango lenyewe lilikuwa katikati ya mji. Atlanta ilikuwa na stesheni mbili kubwa huko, Terminal Station iliyofunguliwa mwaka 1905 na Union Station ya mwaka 1930, na zote mbili zilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mahali pa Terminal Station leo pamesimama jengo la ofisi za serikali ya shirikisho. Kila ninaposoma habari za ubomoaji huo naumia, kwa sababu mji uliobomoa stesheni hizo ni mji ambao bila reli usingekuwapo.

Mwaka 1837 wahandisi wa reli ya Western and Atlantic walichagua mahali porini pawe mwisho wa njia yao, na makazi yaliyochipuka hapo yakaitwa Terminus. Yalibadilishwa jina kuwa Marthasville mwaka 1843, kisha Atlanta mwaka 1845. Reli za kutoka Augusta na Macon zilipokuja kukutana na ile ya kwenda Chattanooga, mji ukakua kwa kasi, na ndiyo sababu majeshi ya Kaskazini ya Jenerali Sherman, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, yalipoutwaa mwaka 1864 yaling'oa reli, yakazipasha moto na kuzipinda kwenye miti ili zisitumike tena. Historia hiyo haijapotea. Katika makumbusho ya Atlanta History Center limehifadhiwa jiwe la maili sifuri lililoonyesha mwanzo wa reli, pamoja na Texas, injini ya mvuke iliyoshiriki katika kufukuzana kwa treni kulikotokea tarehe 12 Aprili 1862, majasusi wa Kaskazini walipoiba treni karibu na Marietta. Anayependa reli atafurahi sana mbele ya injini hiyo. Hata hivyo, makumbusho yenyewe yako Buckhead, mbali na katikati ya jiji, na jiwe lile lilihamishiwa huko mwaka 2018, pale lilipokuwa pakawekwa mfano wake.

Wapo watakaosema kwamba Atlanta ina treni za mjini na New Orleans haina. Ni kweli kwamba MARTA, shirika la usafiri wa umma la Atlanta, iliyoanza kusafirisha abiria kwa reli mwaka 1979, ni msaada mkubwa, na treni yake inaingia hadi ndani ya uwanja wa ndege. Tatizo ni kwamba haifiki Peachtree Station. Kituo cha MARTA kilicho karibu, Arts Center, kiko umbali wa kilomita moja na nusu hivi, na njia ni ama basi, ama teksi, ama miguu kando ya barabara yenye magari mengi. Msomaji aliyewahi kushuka Miritini usiku huku Mombasa yenyewe ikiwa bado iko mbali anaijua vizuri hali ninayoieleza. Mtandao wa MARTA umemfikiria msafiri wa ndege, na yule wa Amtrak akaachwa ajitafutie.

New Orleans ilifanya kinyume. Union Passenger Terminal ilifunguliwa mwaka 1954 ili kukusanya pamoja treni zilizokuwa zimetawanyika katika stesheni tano, na iko katika barabara ya Loyola, karibu na uwanja wa Superdome. Kwa nje ni jengo la kawaida, hata la kuchosha macho, lakini ndani, juu ya vichwa vya abiria, kuna michoro mikubwa ya ukutani ya Conrad Albrizio inayosimulia historia ya Louisiana katika vipindi vinne, kutoka uvumbuzi hadi zama za sasa. Naishauri kila familia inayopitia hapo ifike mapema ili watoto waitazame bila haraka. Mabasi ya masafa marefu yanatumia jengo hilohilo. Mlangoni inapita njia ya tramu iliyofunguliwa mwaka 2013, inayokupeleka barabara ya Canal, na ukipenda kutembea hutumii zaidi ya dakika ishirini hivi kufika ukingoni mwa mtaa wa kale wa Wafaransa.

Mitaa michache kutoka stesheni hupita tramu za kijani za St. Charles Avenue, njia iliyoanza kazi mwaka 1835 na inayohesabiwa kuwa ya zamani kuliko zote duniani miongoni mwa reli za mitaani ambazo bado zinatumika. Mabehewa yake yalitengenezwa katika miaka ya 1920, viti ni vya mbao, madirisha yanafunguliwa kwa mkono, na wanaopanda ni wapishi wanaokwenda kazini, wanafunzi wa vyuo na bibi wenye vikapu, wakichanganyika na wageni kwa nauli ya senti kadhaa zaidi ya dola moja. Hapo ndipo ninapoiona tofauti kubwa ya miji hii. Atlanta imeweka historia yake ya reli katika makumbusho. New Orleans bado inaipanda kila siku kwenda sokoni.

Na kuna mahali pengine New Orleans ambapo naona kila msafiri wa treni, hasa Mwafrika, anapaswa kufika. Ni pale mtaa wa Press unapokutana na Royal, mashariki ya mtaa wa Wafaransa. Tarehe 7 Juni 1892 Homer Plessy, mshona viatu, alipanda treni ya kwenda Covington, akakaa katika behewa lililotengwa kwa ajili ya wazungu na kukataa kuhama, kwa mpango wa makusudi wa kamati ya wananchi waliotaka sheria ya Louisiana ya kutenganisha abiria kwa rangi ipingwe mahakamani. Alikamatwa hapo. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia, na uamuzi huo ukahalalisha ubaguzi katika treni, shule na kila mahali pa umma kwa zaidi ya nusu karne. Gavana wa Louisiana alimpa msamaha Januari 2022, karibu miaka mia baada ya kifo chake, na sehemu ya mtaa huo sasa inaitwa Homer Plessy Way. Treni za mizigo bado zinapita hapo. Nilisimama kando ya reli hizo nikiwa na tiketi ya kukaa popote nilipopenda, na sikuweza kuiona tiketi hiyo kuwa jambo dogo.

Haki inanilazimu niseme kwamba Atlanta nayo ina mahali penye uzito wa namna hiyo. Barabara ya Auburn, alikozaliwa Martin Luther King Jr., lilipo kanisa la Ebenezer na kaburi lake, inafikika kwa MARTA na kwa tramu fupi iliyozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2014, na ingetosha peke yake kumshusha mtu Atlanta. Clarkston, mashariki ya jiji, ina wakimbizi wengi waliopewa makazi, wakiwamo Wakongo, kiasi kwamba Kiswahili kinasikika madukani. Aliye na ndugu wa kumpokea huko hatalijali sana suala la stesheni. Ushauri wangu unamhusu asiye na mwenyeji.

Huyo namshauri aingie New Orleans kwa treni ya Chicago, ambayo hufika mchana na kupita kwenye vinamasi vya Manchac jua likiwa bado juu, kisha aondoke kwa Crescent asubuhi, apate kuvuka Ziwa Pontchartrain kwenye daraja la reli lenye urefu wa kilomita tisa hivi. Anayetoka Atlanta kwenda kusini hufika ziwani giza likiwa limeingia au linakaribia, na asiweke ahadi yoyote usiku huo. Reli ni mali ya Norfolk Southern, na Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo mwaka 2024 kwa kutoipa Crescent kipaumbele kinachotakiwa na sheria, ikieleza kwamba mwaka 2023 ni asilimia 24 tu ya treni za kwenda kusini zilizofika kwa wakati. Kuchelewa kwa saa mbili hakuumizi sana ukishukia katikati ya New Orleans. Kuchelewa huohuo kwa treni ya kwenda kaskazini kunakushusha Peachtree Station baada ya usiku wa manane, wakati treni za MARTA zinakaribia kufunga kazi au zimekwisha kufunga.

Atlanta inaweza kurekebisha hali hii. Treni za pwani ya Ghuba ya Meksiko, kati ya New Orleans na Mobile, zilikoma na kimbunga Katrina mwaka 2005, zikarudi baada ya miaka ishirini kwa sababu majimbo na mji wa Mobile walikubali kuchangia gharama na kampuni za reli za mizigo zikafikia mapatano na Amtrak. Katikati ya Atlanta bado kuna bonde la reli liitwalo Gulch, hatua chache kutoka Five Points, ambako njia zote za MARTA zinakutana. Hapo ndipo stesheni ya abiria inapostahili kuwa. Ujenzi wa maghorofa umekwisha anza katika eneo hilo, na wenye mamlaka Georgia wanapaswa kutenga ardhi ya majukwaa sasa, kabla haijajengwa yote.