Mgongo wa mama wa Kadutu: aanze dawa au angoje kipimo?

Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuna lawama isiyokwisha: kwamba madaktari wengine huwaanzishia wagonjwa wa mgongo dawa za kifua kikuu (TB), ambacho huweza kula pingili za uti wa mgongo, bila kipimo kilichothibitisha. Wanaolaumu hawakosei. Brusela, ugonjwa wa maziwa mabichi, hushambulia pingili hizo hizo, na kwa kuwa rifampisini, dawa mojawapo ya TB, huigusa brusela pia, nafuu ya mgonjwa haithibitishi kwamba ilikuwa TB. Kansa nayo huweza kudanganya. Vijidudu vikiwa sugu kwa dawa, miezi inapotea bure.

Lakini tumtazame mama anayebeba mizigo soko la Kadutu. Ameumwa muda mrefu. Nyumbani wamesema ni mizigo, jirani akasema karuho, yaani katiliwa sumu. Anapofika hospitali, pingili mbili zinazofuatana zimeliwa, nafasi iliyozitenganisha imefungana, kibyongo kimeanza. Radiografia huchelewa kusema: haioni kitu mpaka mfupa upoteze karibu theluthi ya madini yake, pengine zaidi. Kwa hiyo picha ikiwa mbaya hivyo, muda wa kungoja ulishaliwa. Miguu ikianza kulegea, kila wiki ina bei, na anayeilipa ni yeye.

Mnaolaumu mnasema GeneXpert, mashine ya kupima TB, hutoa jibu chini ya saa 2. Ndiyo, ukishaipa sampuli. Ya mgongoni haitemwi kama makohozi. Inataka sindano, skana na mkono uliozoea. Tena mfupa huwa na vijidudu vichache, hivyo jibu la "hakuna" haliondoi shaka, na kuotesha vijidudu maabara huchukua wiki kadhaa. Dawa za TB hutolewa bure. Skana mgonjwa anailipia.

Majaribio yaliyofanywa Korea tangu miaka ya 1960 yalionyesha kuwa wagonjwa wengi hupona kwa dawa huku wakitembea. Kulazwa miezi 6 au kuvishwa koti la plasta hakukuongeza faida. (Wapo bado wanaoamini kitanda kuliko vidonge.) Upasuaji unabaki kwa wachache, hasa waliopooza au wenye kibyongo kikubwa.

Kinachostahili lawama ni kuanza dawa kisha kumsahau mtu. Ekografi (picha ya mawimbi ya sauti) ikionyesha jipu linalofikika, usaha uvutwe kabla ya kidonge cha kwanza na upelekwe GeneXpert, ambayo hutambua pia usugu wa rifampisini. Kisha nguvu za miguu, mkojo na uzito vifuatiliwe kila mwezi. Baada ya miezi 2 bila nafuu, au miguu ikilegea wakati wowote, skana na biopsi, yaani kukata kipande kidogo cha kupima, hazikwepeki, hata kama familia italazimika kuchanga.