Mjomba, Ng'ombe na Saitimira

Mtu akikaa vijijini kaskazini mwa Scotland hujifunza mapema kwamba barabara nyingi za huko zina upana wa gari moja tu, na kwamba magari mawili yakikutana, moja hujibanza kwenye kijisehemu kilichotanuliwa kando ya lami, chenye kibao cheupe, ili jingine lipite. Aliyepishwa huinua kiganja kushukuru, na aliyepisha huinua chake kuitikia. Mjomba wangu, aliyekuja kunitembelea mwezi Juni kutoka Bariadi, hakuijua desturi hiyo, na alipoona kila dereva ananipungia mkono, alinigeukia kwa heshima ambayo hajawahi kunipa tangu nizaliwe, akaniuliza, “Mpwangu, kumbe huku wewe ni diwani?”

Sikuharakisha kumkatalia.

Tulikuwa tumetoka Lochcarron, karibu na ninapoishi, tunakwenda Applecross kwa njia ya Bealach na Bà, ambayo hupanda kutoka usawa wa bahari hadi mita 626, na ambako zamani wachungaji waliswaga ng'ombe kwenda kuuza. Barabara yenyewe ilijengwa mwaka 1822, na kwa jinsi kona zake zilivyo, nadhani wajenzi waliwafuata ng'ombe hao nyuma. Pale chini pana bango kubwa linalowaonya wanaojifunza udereva na wenye magari makubwa. Nilipomtafsiria, Mjomba alisema kuwa palipopita ng'ombe hapawezi kumshinda mtu. Lakini tulipofika kwenye kona zile ambapo boneti inatazama mawingu na lami haionekani, alishika mshikio wa juu ya mlango kwa mikono miwili na kuanza kuwataja marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, bila kumruka hata yule aliyekufa akimdai.

Huko juu upepo ulikuwa mkali, kisiwa cha Skye kilionekana ng'ambo ya maji, na Mjomba akasema ni kizuri, turudi nyumbani.

Tulikuwa tumeshateremka hadi kando ya ghuba ya Applecross tulipomkuta ng'ombe mmoja wa aina ya huko Scotland, mwenye manyoya mekundu yaliyomfunika macho na pembe zilizotanuka, amesimama katikati ya barabara anacheua. Nilizima injini ili tusubiri, kama wenyeji wafanyavyo. Mjomba, ambaye amefuga tangu utoto wake, aliona hiyo ni aibu ya ukoo mzima, akafungua mlango, akashuka, akapiga ule mluzi ambao kwao hugeuza kundi lote. Ng'ombe hakugeuza hata sikio.

Bahati mbaya huku chini upepo ulikuwa umetulia na mawingu yameshuka, hali ambayo visubi wa Scotland huipenda kuliko zote. Hawa ni wadudu wadogo mno. Huwaoni mmoja mmoja, bali unaona ukungu unaotembea, kisha unaanza kuwashwa. Mjomba alijikaza, kwa kuwa mfugaji hakimbii mbele ya ng'ombe, lakini muda si muda akawa anajipiga shingoni, kisha mashavuni, kisha akavua kofia na kuizungusha huku akiruka kwa mguu mmoja. Watalii waliosimamisha gari nyuma yetu, wakidhani wameandaliwa ngoma, walimpungia mkono. Naye, pamoja na mateso yote yale, akawapungia.

Hatimaye alirudi garini mbio, ila mlango aliusahau wazi, na visubi wakaingia pamoja naye. Tulipokuwa ndani tukijichapa makofi, ng'ombe alitusogelea taratibu, akaegemeza shingo kwenye saitimira ya upande wangu na kuanza kujikuna kwa raha zake, mpaka saitimira ikakatika na kubaki inaning'inia kwa waya.

Mwenye ng'ombe alitokea na ndoo, akaitikisa mara mbili, na yule mnyama akamfuata bila ubishi. Mjomba alinitaka nimwambie yule mzee kwamba kwetu ng'ombe huitwa kwa jina, haitwi kwa ndoo. Nilimwambia tu ahsante.

Kesho yake niliipigia simu kampuni ya bima, nikaiweka kwenye spika, huku Mjomba akiwa kitini, uso umevimba na kung'aa kwa mafuta ya mgando, akidai nimtafsirie kila neno. Kijana wa bima alisoma maswali yake kwa mpangilio wake, bila kuruka hata moja. Aliuliza mhusika wa pili alikuwa anaendesha gari la aina gani, nikasema alikuwa kwa miguu. Akauliza kama niliandika jina lake na anwani, nikasema sikuandika. Kisha akauliza kama mhusika huyo alikiri kosa palepale.

“Mwambie,” alisema Mjomba kabla sijafungua kinywa, “hakuweza kusema. Alikuwa anatafuna.”