Siumwi, Ni Rangi ya Keki

Leo asubuhi bosi kanipa mkono, akautazama wangu, akautazama wake, kisha akaenda kunawa. Hakusema neno. Hii ni siku ya tatu viganja vyangu vina rangi ya waridi kama vya mtoto mchanga, na watu wanne wameshaniuliza kama nimemwona daktari. Siumwi, jamani. Nilioka keki.

Na hiyo waridi yenyewe sikuitaka, nilitaka nyekundu. Aisingi ya siagi haiwi nyekundu kirahisi, asikudanganye mtu. Ukitia tone moja, waridi. Matone kumi, waridi iliyokolea. Nusu chupa, waridi yenye hasira, halafu ulimi unaanza kuonja uchungu. Wekundu wote ulihamia mikononi.

Chanzo ni mdomo wangu. Rafiki yangu alilalamika kwamba keki za kununua zimemchosha, zote zina ladha ya boksi, nami mbele ya watu nikakohoa kidogo nikasema, "Ya mwaka huu niachie mimi." Mtu mzima, tai shingoni, ambaye kitu pekee nilichowahi kuoka ni kiazi.

Kuna dada mmoja wa kwenye video anasema ni rahisi mno. Siagi robo kilo, sukari robo kilo, unga robo kilo, mayai matano. Koroga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe. Yeye video inakatwa kidogo, tayari nyeupe! Mimi nilikoroga kwa mwiko mpaka bega likaomba likizo, siagi ikabaki na unjano wake inanitazama. Na kwamba mayai yakae kwanza nje ya friji yapoteze ubaridi, hilo alilisema dakika ya tisa, yangu yameshaingia, mchanganyiko umekatika vipande vipande kama maziwa yaliyoganda.

Basi, nikatia oveni, nyuzi 180, dakika 40. Nikavuta kiti. Ndipo akaingia shangazi. Hodi yenyewe aliipigia ndani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nini kinanukia?"

"Keki ya bethidei ya rafiki yangu."

"Wa kike?"

"Wa kiume, shangazi."

Akashusha pumzi kama mtu aliyeachwa na basi. Kisha akasema, "Hebu nione," na kabla sijainuka mlango wa oveni ulikuwa wazi na miwani yake imejaa ukungu.

Nikamweleza kwa adabu zote. Keki haifunguliwi mapema, shangazi. Sasa hivi ni dakika ya 15 tu, katikati bado uji. Joto likitoka, hewa iliyoitutumua inanywea, panadidimia.

"Nimeanza kupika hujazaliwa," akasema, "leo unanifundisha mlango?" Akaufunga. Kwa kishindo. Halafu akaufungua tena aangalie kama kile kishindo kimeidhuru.

"Shangazi!"

"Nyamaza, inapumua."

Tukachuchumaa wote wawili, vichwa vimegusana. Kweli ilikuwa inapumua. Ilivuta pumzi ya mwisho, ikatulia, halafu pale katikati pakaanza kushuka taratibu, bila haraka, kama mgeni mnene anayejiweka kwenye kochi. Hatukusema kitu. Shangazi akaweka mkono kifuani.

"Imekaa," akasema.

"Ndiyo, shangazi. Imekaa."

"Ungetia baking poda ya kutosha isingekaa."

Niliitia ya kutosha! Tena niliijaribu kwanza kwenye maji ya moto nione kama ina uhai, ikatoa mapovu. Na nyie mnaodhani hii ni kazi ya mchezo, yule Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, alitengeneza baking poda yake mwaka 1843 kwa sababu hamira ilikuwa inamdhuru mkewe. Mkewe! Mimi najitesa hivi kwa mtu ambaye mwavuli wangu anao tangu mvua zile.

Dakika ya 30 akaufungua mara ya tatu, eti kuchoma kijiti cha meno. Kikatoka na uji. Akakilamba. "Sukari imezidi," akasema, akaomba chai, akaitia vijiko vinne. Wakati anaondoka akageukia mlangoni: "Shimo hilo lijaze aisingi. Nani atajua?"

Kinachoniuma ni kwamba alikuwa sahihi.

Ila hakusema nisubiri ipoe. Keki ya moto ukiipaka siagi, siagi inayeyuka. Nilipaka upande wa kushoto, nikageukia kulia, kurudi kushoto nakuta aisingi iko mezani. Nikazoa, nikapaka tena, safari hii na makombo yake, ukuta ukawa kama wa nyumba inayosubiri lipu. Baadaye nimejifunza kwamba unapaka kwanza tabaka jembamba la kukamatia makombo, unaiweka kwenye friji igande, ndipo unapaka la pili.

Maandishi ndiyo sitaki kuyazungumzia. Nilianza HERI kwa herufi za kifahari, kubwa, zenye mikia. Kufika KUZA keki imeisha. LIWA ikabidi iteremke ubavuni, na usiku ikateleza yote hadi kwenye sahani. Mgeni mmoja akainama, akasoma kwa sauti: "Heri ya kuuza? Kwani kafungua duka?"

Mishumaa niliweka michache. Umri wa rafiki yangu haujui mtu, hata yeye huwa unambadilikia.

Akakata kipande. Halafu, mbele ya macho yangu, akachukua uma akaikwangua aisingi yote, waridi yangu yote, akaisukumia pembeni mwa sahani. "Sili sana sukari siku hizi," akasema. Siku hizi! Bega langu hili halijarudi sawasawa mpaka leo, nachana nywele kwa mkono wa kushoto.

Na mwavuli hakuleta.

Sasa nauliza, maana sisimizi wamejipanga kutoka dirishani na shangazi kasema Jumapili anakuja na mashosti zake waonyeshwe hiyo oveni: sukari ya unga iliyoingia kwenye tundu la kitasa inatolewa na nini? Ufunguo unaingia, hauzunguki.