Baiskeli Kwenye Tuta la Reli

Ukiendesha baiskeli kwenye Vía Verde del Aceite, yaani Njia ya Kijani ya Mafuta ya Zeituni, unasahau kwamba Andalusia, kusini mwa Uhispania, ni nchi ya vilima. Miguu haichoki. Waliojenga reli hii ya kutoka Jaén hadi Puente Genil, iliyokamilika mwaka 1893, walijua treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo walikata vilima, wakajaza mabonde na kutandaza madaraja ya chuma juu ya mito. Leo babu na mjukuu wanapita humo pamoja, kwa kilomita 128, mizeituni kulia na mizeituni kushoto, safu kwa safu mpaka macho yanapokoma.

Ni raha ya kweli, na ninaitetea. Ila tuta hili halikuinuliwa kwa ajili ya starehe. Lilipitisha mafuta ya zeituni na abiria kwa karibu karne nzima. Kisha, tarehe 1 Januari 1985, serikali ya Uhispania ilifunga reli kadhaa nchini kwa mkupuo mmoja kwa hoja kwamba zinaleta hasara. Reli zikang'olewa, mataruma yakaondolewa, paa za stesheni zikaanza kuporomoka. Mwaka 1993 ulianzishwa mpango wa Vías Verdes, unaoratibiwa na Fundación de los Ferrocarriles Españoles, wa kuzigeuza njia hizo kuwa za waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Sasa zimepita kilomita 3,000.

Wanaoupenda mpango huu wana hoja nzito, na mfano wao bora ni Vía Verde de la Sierra, kilomita 36 kati ya Puerto Serrano na Olvera. Reli hiyo ilianza kujengwa miaka ya 1920, fedha zikakauka, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaingia mwaka 1936, na hakuna treni ya abiria iliyowahi kupita. Yalibaki mahandaki 30 yasiyo na kazi. Ukiingia katika handaki refu mchana wa joto, ubaridi unakupiga kifuani ghafla, jasho linakauka mgongoni, na unasikia matone ya maji yakidondoka mahali usipopaona. Ukitoka upande wa pili, mwanga unakufumba macho; ukiyafumbua, huenda tumbusi wako juu ya mwamba wa Zaframagón, wakizunguka bila kupiga bawa. Stesheni ambazo hazikuwahi kuuza tiketi sasa zinauza chakula na vitanda. Hapa sioni hasara hata moja. Baiskeli haikumnyang'anya mtu kitu.

Penye ubishi ni pale treni ilipokuwapo. Reli ya Ruta de la Plata, kati ya Plasencia na Astorga, ilibeba abiria hadi siku ileile ya Januari 1985, na mpaka leo wapo watu wa magharibi ya Uhispania wanaodai irudi. Vipande vyake, kama kile cha Hervás na Béjar, tayari ni njia za baiskeli. Wanaodai treni wanaogopa jambo moja: njia ikishawekewa vibao, mabenchi na wageni, hakuna mwanasiasa atakayethubutu kurudisha mataruma. Woga huo nauelewa. Tarehe 31 Machi 2019 maelfu ya watu kutoka mikoa kama Teruel na Soria waliandamana Madrid kwa jina la España vaciada, Uhispania iliyohamishwa watu. Walichodai ni huduma, na usafiri ulikuwa miongoni mwa madai hayo. Mgeni wa baiskeli anakunywa kahawa, analala usiku mmoja, anaondoka. Julai na Agosti, joto la Andalusia likipita nyuzi 40, hata yeye haji. Mama mwenye miadi ya hospitali mjini, asiye na gari, anataka kiti cha treni.

Watetezi wa baiskeli hujibu kwamba tuta lisilotumika huliwa: jirani anasogeza shamba, daraja linaoza, kipande kinageuka barabara. Njia ya kijani, wanasema, inalinda ardhi ya umma, na mara nyingi umiliki unabaki kwa Adif, shirika la serikali la miundombinu ya reli, huku halmashauri zikipewa haki ya kuitumia tu. Ni kweli, na kwangu hiyo ndiyo hoja yao yenye nguvu kuliko zote. Lakini ulinzi huo una maana pale tu makubaliano yanaposema wazi kwamba treni ikirudi, baiskeli itapisha. Bila sentensi hiyo, kuhifadhi ni jina tu.

Kinachonipa moyo ni Ojos Negros. Reli ya mgodi huu wa chuma wa mkoa wa Teruel ilifunguliwa 1907 kupeleka madini Sagunto, kando kabisa ya reli nyingine ya abiria, kwa kuwa kampuni ya mgodi ilitaka njia yake yenyewe. Ya mgodi ikafa, na leo ni mojawapo ya njia za kijani ndefu zaidi nchini. Ile ya abiria ilibaki. Kwa hiyo waendesha baiskeli wamezoea kupakia baiskeli zao kwenye treni Valencia au Sagunto, kukaa dirishani wakipandishwa hadi nyanda za juu za Teruel, kisha kuteremka taratibu kwa siku mbili tatu mpaka waanze kunusa maua ya michungwa.