Ngiri ya Coventry, ngiri ya Tanga

Mwaka jana nilipata ngiri. Naliandika hili wazi kwa sababu umri wa kuona haya umeshanipita. Naendesha basi hapa Coventry, Uingereza, na asubuhi moja nikiwa najifunga mkanda niligusa uvimbe kinenani, kama ndimu changa, unaojitokeza nikisimama na kurudi ndani nikilala.

Wakati wa mapumziko nikafungua simu. Ukurasa wa NHS, huduma ya afya ya umma ya huku, ulikuwa mfupi kuliko risiti ya dukani: utumbo au mafuta hupenya mahali palipolegea kwenye ukuta wa tumbo, ukiona maumivu makali ya ghafla, unatapika, au uvimbe umekuwa mgumu na haurudi ndani, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Chini kabisa pameandikwa tarehe ukurasa ulipokaguliwa mara ya mwisho na tarehe utakapokaguliwa tena. Mimi ndiyo iliyonivutia hiyo. Maana yake kuna mtu analipwa kurudi kuusoma.

Daktari wa zahanati yangu alinipima, akanipa barua yenye namba na neno la siri. Nikaingia mtandaoni, nikaona hospitali zimepangwa kwa umbali, na kila moja foleni yake ina urefu gani. Kwa England ni haki ya mgonjwa kuchagua aende wapi kumwona bingwa mara ya kwanza, ila haki hiyo bila ile orodha ingekuwa maneno matupu. Nilichagua ya mbali, foleni yake ilikuwa fupi. Fupi ya kwao lakini: miezi saba! Tanga ningeshafanyiwa na kusahau. Msije mkadhani huku ni peponi.

Nilipomfikia daktari wa upasuaji akaniuliza: "Haikuumi sana. Tufanye, au tuiangalie kwanza?" Nina miaka hamsini na mbili, na sikuwahi kuulizwa na daktari nataka nini. Nikamjibu, kwa sababu nilishasoma kwamba kusubiri ni njia halali, na kwamba wakipasua wanaweza kupasua kawaida au kwa vitundu vidogo. Nisingesoma, ningesema "wewe ndiye daktari" na kuondoka.

Sasa mjomba wangu, yuko Ngamiani, Tanga. Naye ana ngiri, na simu yake ni mpya kuliko yangu. Kwa hiyo hadithi ya kwamba kwetu tatizo ni intaneti tuiweke pembeni kidogo. Aliandika "dalili za ngiri" kwa Kiswahili, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Jaribuni na nyie muone. Nilichokiona mimi ni wauza dawa kwa wauza dawa: tumbo kuunguruma, kiuno kuuma, choo kigumu, nguvu za kiume kupungua, yote ngiri, na namba ya WhatsApp chini. Neno letu lenyewe limebeba mizigo mingi. Pwani mtu mwenye busha naye utasikia ana ngiri, au ana mshipa, kumbe ni maradhi tofauti. Mjomba akanunua chupa ya unga kwa elfu thelathini.

Simcheki. Mwaka 2011 nilikuwa bado nyumbani watu walipopanga magari kwenda Loliondo kunywa kikombe cha Babu, yule mchungaji mstaafu aliyetoa dawa ya mitishamba, kwa shilingi 500, na wengine walikuwa wasomi wazuri tu. Babu aliongea lugha inayoeleweka. Hospitalini mtu unaandikiwa neno la Kilatini kwenye daftari ulilonunua mwenyewe, kwa mwandiko usiosomeka, unaambiwa nenda dirisha namba nne.

Na tunaweza, hilo ndilo linaloniudhi. Wazazi Nipendeni, ile kampeni ya ujumbe wa simu iliyoanza 2012, ilimfikia mjamzito bure, kwa Kiswahili, kufuatana na umri wa mimba yake. Dada yangu alikuwa anausoma kwa sauti sebuleni, mumewe akisikia. Kilichofanywa kwa mimba kinashindikanaje kwa ngiri, kisukari, presha? Andikeni kurasa, zikaguliwe, ziwekwe tarehe. Bei ya upasuaji nayo iwekwe, hospitali kwa hospitali, maana kwetu uchaguzi wa kwanza ni mfuko.

Nilimtafsiria mjomba ule ukurasa kwa ujumbe wa sauti, nikiwa kituoni nasubiri zamu, na maswali matatu ya kumuuliza daktari. Akayaandika nyuma ya daftari. Alivyoanza kuyasoma, anasema, daktari aliweka kalamu chini, akavuta kiti, wakaongea kama robo saa.

"Akaniuliza, mzee, una mtoto daktari huko Ulaya? Nikamwambia hapana, yule anaendesha basi."