Mama Mkwe na Godoro la Sufi

Nilimwahidi mama mkwe, aliyetoka Tanga kuja kututembelea California, kwamba nitamrusha kwa ndege aione Pasifiki. Kosa la kwanza: nilimwahidi mwezi wa Juni. Katika pwani ile maji baridi hupoza hewa ya chini, ile ya joto inakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria, na wingu hujilaza hapo kati asubuhi nzima. Siku hiyo tumbo la wingu lilikuwa futi 800, mgongo futi 2,000. Kuruka kwa macho kunataka dari, yaani tumbo la wingu, la futi 1,000 uwanjani. Hatukuwa nalo.

Si neno, leseni ya kuruka kwa vyombo, bila kuona nje, ninayo, na kibali cha waongoza ndege kwa hali hiyo kipo: panda kwa vyombo, ukitokeza juu toa taarifa, ukifika futi 4,000 hujatokeza, baki hapo useme. Nikakirudia neno kwa neno redioni, nikaweka namba ya transponda, kifaa cha kuitambulisha ndege kwenye rada, nikawasha joto la mrija wa kupimia kasi, tukaondoka.

Dakika mbili nyeupe pepe, mama akisoma Ayatul Kursi. Kisha jua, pwaa! Chini tuliacha nyuzi 15, huku juu ni 23. Akavua koti, akavua sweta, akachungulia.

"Baba Asha, bahari iko wapi?"

"Chini ya hayo mawingu, mama."

"Kumbe umenipandisha nije kutazama godoro la sufi."

Nikaona haya. Nikafuta kibali ili nizunguke nitakavyo, nimtafutie japo tundu. Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe. Kibali kile ni tiketi ya kwenda tu. Kuteremka kupitia wingu lilelile kunataka kingine. Wenye akili huwasilisha mipango miwili kabla ya kuwasha injini, wa kupanda na wa kurudi. Mimi niliwasilisha mmoja, nikijua wingu litayeyuka kufika saa tano.

Halikuyeyuka. Nilipoomba kibali cha papo hapo, muongoza ndege alikuwa na foleni ya waliojipanga mapema. Akaniambia nisubiri, nisiguse mawingu. Kutoyagusa maana yake kukaa angalau futi 1,000 juu yake, basi nikawa nazunguka futi 3,500 kama mwewe aliyekosa kifaranga.

Mafuta hayakunitisha: nilijaza lita 200, injini ikinywa kama 32 kwa saa. Tangi lililonitisha ni la mama. Alikuwa amemaliza chupa nzima ya chai ya tangawizi.

"Baba Asha, choo?"

"Bado kidogo, mama."

Kidogo hicho kilikuwa dakika 40. Hatimaye tukapewa njia ya kutua kwa vyombo, tukazama winguni, na kwenye futi 800 tukachomoza. Pasifiki yote ikajitandaza kushoto kwetu.

"Mama, bahari hiyo!"

Alikuwa amefumba macho, ameuma meno.

"Baba Asha, tafadhali, usinitajie maji."