Yule Mteja Mwingine

Mume wangu haamini kumtegemea mtu mmoja. Hata bomba likivuja huita mafundi wawili, wakutane kwenye sinki watazamane. Kwa hiyo tulipoamua kununua nyumba, nikapendekeza tutafute dalali mmoja mzuri, mwenye ofisi na mhuri, yeye akacheka. "Dalali mmoja atakuuzia anachotaka yeye. Wakiwa wengi watashindana, sisi tutachagua." Tukagawana kazi: yeye na madalali wake, mimi na wangu, jioni tukutane tulinganishe.

Haukupita muda, simu zetu zikawa hazipumui. Kulikuwa na wa "nipo njiani, dakika tano tu," huku nyuma yake unasikia maji ya kuoga yakimwagika. Kulikuwa na aliyetuma picha za jua likizama, nzuri kweli kweli, nyumba yenyewe imo kwa mbali pembeni. Mwingine nilimwambia nataka nyumba ya vyumba vitatu, akanipeleka kwenye kiwanja kitupu, akasimama katikati ya majani na kunyoosha mkono. "Hapa sebule, dada. Hapa chumba chako na shemeji." Nikamuuliza choo kiko wapi. Akasogea hatua mbili kushoto.

Kwa jambo moja walifanana wote: hakuna aliyekuwa tayari kusema nyumba iko wapi. Nikawakasirikia, baadaye nikawaelewa. Mwenye nyumba akimpa dalali mmoja kazi hiyo peke yake, kwa mkataba, huyo hulala usingizi wake, kwa sababu nyumba ikiuzwa kamisheni yake ipo. Lakini wenye nyumba wengi humwambia kila anayepita, na hapo anayekula ni aliyeleta mteja. Wengine wote wamechosha miguu bure. Ndiyo maana dalali anaogopa kurukwa kuliko anavyoogopa nyoka. Akishakuonyesha geti, kesho utamgongea mwenye nyumba mwenyewe, yeye abaki na salamu.

Dalali wangu, kijana wa viatu vilivyochongoka, aliogopa zaidi ya wote. Tulikutana barabarani, akaniambia niache gari, kisha akanizungusha vichochoroni mpaka nguo zilezile za mtoto zilizoanikwa tukazipita mara mbili. Mwisho tukaingia kwa geti dogo la buluu, tukapita mlango wa jikoni, maana ufunguo aliokuwa nao ulikuwa wa mlango huo tu. Sebule ilikuwa imefungwa. "Sebule ni sebule tu, dada," akasema. "Wewe angalia jiko."

Nikaangalia jiko. Meza ya jiwe jeusi kutoka ukutani hadi ukutani, imemeguka kidogo pembeni mwa sinki, mahali ambapo mtu alikuwa akigongea kitu kwa miaka. Droo zikifunguliwa kwa kidole kimoja. Dirisha pana juu ya sinki, nje mti, chini ya mti kivuli. Mimi nimeishi miaka na jiko ambalo ukifungua oveni lazima mtu mwingine atoke. Nilisimama pale nikawa sitaki kuondoka. Kijana akanipa fomu ya kukagua nyumba, nikasaini juu ya ile meza bila kuisoma, huku nafikiria masufuria yangu yatakaa wapi.

Jioni mume wangu naye akarudi macho yanang'aa. Dalali wake, mzee wa mkoba wa ngozi, alikuwa amempeleka mahali kwa gari lililojaa mapazia ya jua, usiku unaingia, kona baada ya kona. Geti kubwa la kijani, maegesho ya magari mawili, sebule ambayo ukikohoa inakujibu. Jiko hakuliona, mafundi walikuwa wanapaka rangi, lakini jiko ni jiko tu.

Basi ukaanza ugomvi wa nyumba mbili. Mimi nikimwonyesha picha za jiko, yeye akinionyesha za sebule. Picha za vyumba vya kulala hazikutusaidia kitu. Chumba kitupu ni kuta nne na soketi. Alisema nyumba yangu haina maegesho na sebule yake lazima ina siri, maana mtu hafungi kitu kizuri. Nikamjibu kwamba nyumba yake ina harufu ya ujanja, na mtu anayeficha jiko anaficha panya. Alisema mtaa wangu hauna mpangilio, watu wanaanika nguo njiani. Nikasema mtaa wake bora, lakini nani anataka kukaa na majirani wa namna ile, wanaojifungia ndani ya mageti? Tuliwaita hata watoto wapige kura. Mkubwa aliuliza kama nyumba yoyote kati ya hizo ina intaneti, akarudi chumbani.

Mwisho tukafikia mwafaka wa watu wazima. Tuweke ofa kote kote, chini ya bei waliyotutajia; mwenye nyumba atakayekubali kwanza ndiye tutakayenunua kwake, na atakayeshindwa asinune.

Kesho yake kijana akanipigia. "Dada, kuna mteja mwingine. Yuko siriasi sana. Ametoa zaidi yako."

Kila aliyewahi kutafuta nyumba anamjua huyo mteja mwingine. Hajawahi kuonekana. Yuko kila mahali, ana pesa taslimu, anasafiri kesho, na mke wake ameshaipenda nyumba. Sikumwamini hata kidogo, ila nililiwaza jiko, nikaongeza. Muda si muda nikasikia mume wangu anafoka huko barazani: mzee wa mkoba amempigia, kwake nako kuna mteja mwingine, tena amepanda leo hii hii. "Ni mbinu zao hizo," nikamwambia. "Usimjali." Akakubali kwamba ni mbinu. Akaongeza.

Tuliendelea hivyo. Mimi jikoni na simu yangu, yeye barazani na yake, kila mmoja akimlaani adui yake. Mume wangu alisema huyo mtu wake hana haya, anang'ang'ania nyumba ya watu. Mimi nilijiuliza kwa sauti huyu wangu pesa anazitoa wapi. Tulipeana moyo kabisa. Nilimkandamiza mabega usiku nikimwambia usikate tamaa, huyo jamaa atachoka tu. Siku moja akaniambia kwa huzuni kwamba adui yake amepanda tena na yeye basi, hana zaidi. Nikamwonea huruma, nikampa ruhusa achukue kidogo kwenye akiba ya dharura. Akapanda. Dakika chache baadaye yule kijana akanipigia.

Hatimaye habari njema ikaja kwa wote wawili siku moja: mwenye nyumba anataka kuonana na mteja ana kwa ana, Jumamosi, saa nne asubuhi. Saa ileile. Tukasema ni baraka hiyo. Tukaondoka na gari moja, akaniteremsha barabarani nimsubiri kijana wangu, tukatakiana heri, naye akaenda kumfuata mzee wake wa mkoba.

Nguo za mtoto, geti la buluu, mlango wa jikoni. Safari hii mlango wa kuingia ndani ulikuwa wazi. Nikapita kwenye korido nikiwa nimejipanga uso wa mtu asiye na pesa, na kule mwisho wa korido, akitokea sebuleni na uso uleule, akaja mume wangu.

"Wewe umefuata nini kwenye nyumba yangu?" akaniuliza.

Kiwanja kilikuwa cha kona. Geti kubwa upande wa barabara, geti dogo upande wa vichochoro. Na kwa mara ya kwanza tangu udalali uanze duniani, mteja mwingine alikuwa mtu wa kweli, na nilikuwa nimemzalia watoto.

Mwenye nyumba, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alikuwa amekaa kwenye kiti pekee kilichobaki sebuleni. Tukamwamkia shikamoo kwa pamoja. Akaitikia, akatuangalia mmoja mmoja. "Kwa hiyo ninyi ndio mnaoshindana?" Tukasema ndiyo. "Na mnajuana?" Mume wangu akasema ni mke wangu. Mama akavua miwani, akacheka mpaka akashika kiuno. Alipotulia akasema basi hakuna shida, kwa kuwa mnalala kitanda kimoja, atachukua ofa ya juu.

Ungedhani aibu ingekuwa yetu. Haikuwa, maana madalali walikuwa wameshasahau kwamba tupo. Kijana alisema mnunuzi ni dada, na dada ni wake. Mzee akafungua mkoba taratibu, akatoa fomu aliyosaini mume wangu, akasoma kwa sauti ya msikitini: mteja, au mwenzi wake, au ndugu yake, au yeyote atakayemtuma, akinunua nyumba hii, kamisheni ni ya dalali aliyetajwa hapo juu. Akasisitiza "mwenzi wake" akinitazama. Kijana hakutishika. Akatoa yangu, akasoma yaleyale, akasisitiza palepale akimtazama mume wangu. Ilikuwa fomu moja. Mmoja alinakili kwa mwenzake, hadi mahali palipoandikwa "mnunizi". Kwa hiyo nikinunua mimi, mzee anadai kwa sababu mimi ni mke. Akinunua yeye, kijana anadai kwa sababu yeye ni mume. Nikaona kumbe hata tukipeana talaka pale pale bado kila mmoja ana dalali wake wa kumlipa.

Hapo akaingia wa tatu, kandambili mguuni, jasho usoni. "Nyumba hii hawa wote niliwapa mimi!" Mama akamuuliza na wewe nani. Akajibu kwamba yeye ameipata kwa kijana anayemwagilia maua. Sote tukageuka dirishani. Kijana wa maua akageuzia mpira wa maji upande mwingine.

Kilichozima kelele ni mume wangu kutaja bei aliyotajiwa siku ya kwanza. Nami nikataja yangu, iliyokuwa tofauti. Mama akavaa miwani. "Mimi nilisema bei hizo?" Hakujibu mtu. Mzee alifunga mkoba wake. Kijana wa viatu aliinua uso akaisifia dari. Cha juu, ile nyongeza ambayo dalali hujiwekea kwenye bei, kilikuwa kimekaa juu ya cha juu kingine, na katika ule mnada wetu wote wa barazani na jikoni tulikuwa tumepandishana mpaka tukaipita bei ya mama mwenyewe, tena mbali.

Mimi nampenda yule mama hadi leo. Alisema bei yake ni ile aliyoitamka kwa mdomo wake, na kamisheni atatoa moja, waigawane watakavyo, wakishindwa atauza kupitia kijana wa maua. Walikwenda kugawana chini ya ule mti wa dirishani. Nilikuwa nawaona kupitia kwenye sinki langu la baadaye. Walihesabu vidole, wakanuniana, mwishowe wakapeana mikono.

Yaliyofuata yalikuwa ya wakili, na ya wakili hayachekeshi. Alikwenda kukagua hati kwenye msajili wa ardhi, akahakikisha jina ni la mama na hakuna benki inayoidai nyumba, akaandika mkataba. Kabla hata senti haijatoka, aliwasainisha wale watatu karatasi kwamba wameridhika na hawana dai jingine kwetu wala kwa mwenzi wetu. Alipozisoma zile fomu mbili tulizosaini alituangalia kwa muda mrefu, halafu akaongeza bei yake.

Tukahamia. Masufuria yamekaa pale nilipoyapangia. Mume wangu hukohoa sebuleni bila ugonjwa.

Juzi Jumapili tumekaa, geti dogo likagongwa. Dalali tusiyemjua, nyuma yake bwana na bibi wamevaa kanisani. Tangazo la nyumba yetu bado lilikuwa linazunguka kwenye simu za watu, hakuna aliyejisumbua kulifuta. Mimi nilidhani ni wageni wa jirani, nikawakaribisha, na kabla sijauliza kitu yule dalali alikuwa ameshawafikisha jikoni kwangu, anafungua droo kwa kidole kimoja. Akanichukulia kuwa mpangaji. Akawatajia bei, na kwa bei ile nikakaa chini.

Mume wangu alikuja kutoka sebuleni, akasimama mlangoni akisikiliza.

"Mzee, na wewe umekuja kuiangalia?" dalali akamuuliza. "Fanya haraka. Hawa wako siriasi."

"Siriasi kiasi gani?"

"Leo leo wanaweka ofa. Kama unaitaka, fomu ninazo."

Mume wangu akanitazama, akalitazama jiko, akaenda kutafuta kalamu.